Chanzo cha Sampuli

Fomu namba tatu ina mstari mmoja unaonishinda.
Uzito nimejaza. Tarehe nimejaza.
Joto la tanuri: nyuzi mia moja na kumi.
Chanzo cha sampuli:
kalamu imegoma hapo kama mbuzi aliyefika kwenye maji.

Kiroba nimekitoa Mabatini,
juu kule ambako nyumba zimeng'ang'ania mawe
na mawe hayajaahidi chochote.
Mama hukalia gunia lililokunjwa, mguu mmoja kaunyoosha,
pete ya mpira wa tairi imelizunguka jiwe lisiruke,
nyundo juu, nyundo chini,
debe moja tangu chai hadi adhana ya adhuhuri.
Ada yangu ya muhula wa kwanza ilikuwa madebe.
Niliyahesabu mara moja, nikaacha.

Maabara inanuka lami iliyopashwa,
harufu inayokaa kwenye nywele mpaka Jumapili.
"Lami haina urafiki," anafoka Malimi, fundi sanifu,
"ikikushika inaondoka na ngozi."
Sabina anahesabu mapigo ya fimbo ndani ya koni,
ishirini na tano, tabaka la pili, ishirini na tano,
kisha koni inavutwa juu na zege linashusha pumzi,
linaketi kidogo, kama mgeni aliyetembea sana.
Sentimita saba. Andika.
Kwenye tangi michemraba ya kundi lililopita imelala majini
ikingoja siku ya ishirini na nane
ivunjwe.
Nilicheka niliposikia hivyo mara ya kwanza:
kukilea kitu mwezi mzima, ukinyweshe, ukipe namba,
halafu ukikandamize mpaka kipasuke
ndipo ujue kilikuwa na nguvu kiasi gani.
Sabina hakucheka. "Si ndiyo shule," alisema.

Zamu yangu.
Kokoto za mama ndani ya pipa la chuma,
gololi kumi na moja pamoja nazo,
mizunguko mia tano.
Dakika kumi na sita za ngurumo,
vioo vya madirisha vinatetemeka, na mimi
nimejishika tumbo kana kwamba yeye ndiye aliyemo.
Tukamwaga, tukachekecha, tukapima.
Zilizosagika: ishirini na mbili kwa mia.
"Hili ni jiwe," akasema Bi. Nyangeta, mkufunzi wetu,
naye si mtu wa kusifu.

Kisha akaleta kipimo cha ubapa,
bati lenye matundu membamba kama macho ya mwenye shaka,
na kokoto za mama zikapita,
moja, nyingine, nyingine,
ubavu ubavu, nyembamba kama maganda.
Ukomo ni ishirini na tano. Zangu, thelathini na nane.
"Ngumu, lakini bapa. Chini ya lori zitakatika kiuno.
Umezitoa wapi?"
Nikasema, nitaandika.

Jioni ziwa lilionekana kati ya mapaa, kijivu, halina habari.
Mama hakusimamisha nyundo.
"Wamesemaje?"
"Wamesema jiwe ni gumu."
"Hilo wangeniuliza mimi." Akanionyesha kiganja.
Kisha, kwa kuwa ndiye aliyenizaa: "Na lingine?"
Nikamwambia. Ubapa, lori, kiuno.
Namba sikumwambia.
Yakapita mapigo mawili matatu ambayo hayakupigwa.
"Miaka kumi na tisa wanunuzi wanapima debe.
Umbo hakuna aliyewahi kuuliza.
Wanalitaka vipi?"
Neno likanipotea. Nikaonyesha kwa vidole:
kama kipande cha muhogo wa kuchemsha, kinene pande zote.
Akalisimamisha jiwe kwa ncha,
akalitazama kama kitambaa anachoogopa kukikata,
akapiga. Vipande viwili, bapa.
Akatukana kwa Kisukuma.
Akageuza lingine.

Jumatatu nabeba kiroba kipya, chepesi kuliko cha kwanza.
Fomu namba tatu. Uzito. Tarehe.
Chanzo cha sampuli:
Milembe Luhende, Mabatini, kwa mkono.
Bi. Nyangeta amesoma, amepandisha miwani,
amesema mstari ule ni wa machimbo, si wa majina ya watu.
Kifutio hakunipa.